Redio Ndogo Ukingoni mwa Ziwa: Homa Bay, Maseno na Suala la Lugha

Historia ya vituo vya redio vya wanachuo nchini Kenya kwa kawaida huanzishwa katika miaka ya mwisho ya karne ya ishirini. Husemwa kwamba serikali ililegeza kamba, vyuo vikuu vikaongezeka, idara za uandishi wa habari zikafunguliwa, na mnara wa kurushia matangazo ukawa miongoni mwa vifaa ambavyo chuo chenye kujiheshimu hakina budi kuwa navyo, kama maabara na maktaba. Maelezo hayo si ya uongo. Lakini kwa upande wa mwambao wa Ziwa Viktoria yanaacha nje sehemu iliyo muhimu kupita zote. Huko, redio ndogo ya kusema na watu wa mahali pamoja haikungojea vyuo vikuu. Ilianzishwa Homa Bay mwezi Mei 1982, ikafungwa mwaka 1984, na kufungwa kwake kumeacha alama juu ya kila kituo kidogo kilichofuata, vya wanachuo vikiwamo. Makala haya yanakusudia kuifuata njia itokayo Homa Bay hadi Maseno, na hasa kulichungua suala moja lililoandamana nayo tangu mwanzo: redio ya ukingoni mwa ziwa iseme lugha gani, na kwa nini lugha hiyo imekuwa ikihesabiwa kuwa jambo la utawala na si la mawasiliano tu.

Yafaa kwanza kutazama hali ilivyokuwa. Utangazaji wa redio ulianza Nairobi mwaka 1928, nao ulikuwa kwa Kiingereza na kwa ajili ya walowezi. Mwafrika hakufikiriwa kuwa msikilizaji. Alifikiriwa Vita Kuu ya Pili ilipozuka, kwa kuwa maelfu ya vijana walikuwa wamechukuliwa jeshini na jamaa zao walitaka habari. Serikali nayo ilitaka habari hizo ziwafikie kwa namna iliyoipendeza. Hivyo ndivyo lugha za Kiafrika zilivyoingia hewani: si kwa heshima ya lugha zenyewe, bali kwa haja ya vita. Mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, haja ya namna hiyo hiyo ilizaa idhaa maalumu ya Waafrika, iliyotangaza kwa Kiswahili, Kijaluo, Kikikuyu, Kinandi, Kiluhya, Kikamba na Kiarabu. Mwaka uliofuata likaundwa shirika la utangazaji la koloni, na vituo vya mikoani vikafunguliwa katika miji mitatu: Mombasa, Nyeri na Kisumu. Cha Mombasa kiliitwa Sauti ya Mvita, jina ambalo wenyeji wangeweza kulitunga wenyewe. Cha Kisumu kiliitwa Kituo cha Ziwa tu, kama kwamba aliyekibatiza alikuwa na ramani mbele yake na hakuwa na mtu wa kumwuliza.

Hata hivyo kituo hicho kilikuwa na maana. Kisumu haikuwa mji wa lugha moja. Reli ilifika hapo mwezi Desemba 1901, na pamoja nayo wakaja mafundi na wachuuzi wa Kihindi, askari wa Kinubi, Waswahili wa pwani na makarani kutoka kila upande. Kiswahili kikakaa sokoni, bandarini na katika mitaa kama Kaloleni. Kijaluo kikakaa majumbani na katika vijiji vyote vilivyouzunguka mji. Kiingereza kikakaa ofisini. Redio iliyotangaza kutoka Kisumu ililazimika kuzijua njia hizo tatu na kuzipitia zote kwa siku moja.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda upande mwingine. Tarehe 1 Julai 1964 shirika la utangazaji lilifanywa idara ya serikali na kuitwa Sauti ya Kenya. Hoja iliyotolewa ilikuwa umoja wa taifa, nayo haikuwa hoja ya kupuuzwa katika nchi iliyotoka kugombana juu ya majimbo. Idhaa ya Taifa ilisema Kiswahili, nyingine ikasema Kiingereza, na lugha za makabila zikagawiwa saa zao. Lakini mafunzo, fedha na kauli ya mwisho vilikaa Nairobi. Chuo cha kuwafundisha mafundi na watangazaji, kilichoanza mwaka 1961, kilikuwa Nairobi. Shule ya Uandishi wa Habari ya Chuo Kikuu, iliyoanzishwa mwaka 1970, ilikuwa Nairobi pia. Kijana wa Bondo au wa Kendu Bay aliyetaka sauti yake isikike redioni hakuwa na budi kupanda gari la Nairobi kwanza, ili baadaye, akibahatika, sauti hiyo irudishwe kwao kwa mawimbi. Tena mwambao wa ziwa ulikuwa umekwisha kutiwa alama ya mashaka. Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Kenyatta alipokwenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi, alibishana hadharani na Jaramogi Oginga Odinga; fujo ikazuka, risasi zikapigwa, watu wakafa. Chama cha Odinga kikapigwa marufuku muda si mrefu baadaye. Tangu siku hiyo jambo lolote lililosemwa kwa Kijaluo mbele ya umati lilisikilizwa Nairobi kwa sikio la pili.

Wanachuo, kwa upande wao, hawakuwa na redio. Walikuwa na jukwaa. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha kikundi cha maonyesho ya bure kilichosafiri kutoka mji hadi mji na kuigiza kwa Kiingereza na Kiswahili, na kwa wengi wa wakulima na watoto wa shule waliokitazama, huo ulikuwa mwanzo wa kumsikia mwanachuo akisema nao. Jambo hilo halikumtisha mtu. Kilichotisha kilitokea mwaka 1977 Kamirithu, karibu na Limuru, wakati Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mkuu wa Idara ya Fasihi ya chuo hicho, na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipowaandikia wanakijiji mchezo kwa Kikikuyu. Mchezo ulipigwa marufuku, na siku ya mwisho ya mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Alikuwa ameandika kwa Kiingereza kwa miaka mingi, tena kwa ukali usiopungua, na hakufungwa. Tofauti ilikuwa lugha, na pamoja na lugha, wasikilizaji. Mwezi Machi 1982 jumba la maonyesho la Kamirithu lilibomolewa.

Miezi miwili baadaye serikali ile ile ilifungua redio ya Kijaluo Homa Bay.

Jambo hilo linahitaji kuelezwa, maana kwa juu linaonekana kama kinyume. Sababu yake haikuzaliwa Kenya peke yake. Mwaka 1976 mkutano mkuu wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, yaani UNESCO, ulifanyika Nairobi, na mabishano makubwa ya mkutano huo yalihusu habari: nani huzitoa, nani hupokea tu, na kwa nini mataifa machache yaliyoendelea huwaeleza wengine habari zao wenyewe. Mkurugenzi Mkuu wa shirika wakati huo alikuwa Amadou-Mahtar M'Bow wa Senegal. Tume iliyoongozwa na Sean MacBride ilitoa ripoti yake mwaka 1980, na miongoni mwa mawazo yake lilikuwamo hili: kwamba nchi maskini haziwezi kungoja mitambo mikubwa ya gharama kubwa, na kwamba vyombo vidogo vya mahali pamoja vinaweza kufanya kazi ambayo idhaa ya taifa haiwezi. Serikali ya Kenya, kama serikali nyingi za Kiafrika, ilipenda sana hoja ya kwanza, ya kuidai sauti ya Afrika mbele ya mataifa makubwa. Hoja ya pili, ya kuidai sauti ya wilaya mbele ya mji mkuu, ilikuja ndani ya kifurushi hicho hicho.

Homa Bay wakati huo ulikuwa makao makuu ya Wilaya ya Nyanza Kusini, mji mdogo kwenye ukingo wa kusini wa Ghuba ya Winam. Mpango ulikuwa wa UNESCO pamoja na serikali, na kituo kiliendeshwa chini ya Sauti ya Kenya. Ubora wake wa kifundi ulikuwa katika unyenyekevu wake. Fundi wa UNESCO, Jake Mills, aliongoza kazi ya kubuni mtambo wa bei ndogo ambao ungeweza kuundwa na kutengenezwa humu humu nchini, na gharama ya kituo kizima ilikuwa chini ya dola 25,000 za Marekani. Kwa kiasi hicho idhaa kubwa isingeweza hata kuanza kujenga. Hapa yafaa kusisitiza jambo ambalo wanahistoria wa siasa huliruka: unafuu ule ndio uliokuwa mapinduzi yenyewe. Maadamu redio ilikuwa kitu cha mamilioni, swali la nani awe na redio lilijibiwa na hazina ya serikali. Ilipodhihirika kwamba wilaya inaweza kuwa na redio kwa bei ya magari machache, jibu hilo la kale lilikwisha, na swali likabaki wazi. Kila kituo cha chuo kilichojengwa Kenya tangu hapo, chenye chumba kimoja kilichozibwa sauti, meza ya kuchanganyia, na mtambo usiozidi kabati kwa ukubwa, kinasimama juu ya ushahidi uliotolewa Homa Bay.

Lugha ya kituo ilikuwa Kijaluo. Kilitangaza mambo ya afya, kilimo, elimu, utamaduni na habari za mahali, na watu wa mahali hapo wakapata kusikia sauti zao wenyewe. Ni rahisi mtu wa leo kuliona hilo kuwa dogo. Lakini hebu na afikiriwe mvuvi wa ghuba ile. Saa za Kijaluo alizozipata kutoka idhaa kuu zilimweleza habari za Jamhuri: waziri amesema hivi, mkutano umefanyika kule. Zilikuwa kwa lugha yake, lakini hazikumhusu. Redio iliyo umbali wa mashua yake ingeweza kumtajia ugonjwa ulioingia katika kijiji cha jirani na chanjo inayotolewa wiki hii, na mtu anayezungumza angeweza kuwa mtu anayemfahamu. Tofauti kati ya redio kutafsiriwa kwa lugha fulani na redio kufikiriwa kwa lugha hiyo ni tofauti kubwa, nayo haionekani katika takwimu za saa za matangazo.

Yapo pia ya kukosoa. Nyanza Kusini haikuwa ya Wajaluo peke yao. Katika visiwa vya Rusinga na Mfangano na katika vijiji vya mwambao ulioelekeana navyo waliishi Wasuba, ambao lugha yao ya Kibantu ilikuwa ikimezwa na Kijaluo kizazi baada ya kizazi. Na kusini zaidi waliishi Wakuria. Kwa Msuba mzee, redio ya Homa Bay haikuwa redio ya lugha yake hata kidogo. Ilikuwa lugha kubwa nyingine iliyopata chombo. Sifa za redio ya jamii huimbwa mara nyingi bila kuuliza ni jamii ipi.

Tarehe 1 Agosti 1982, Jumapili, kituo kikiwa na umri wa miezi mitatu hivi, askari wa Jeshi la Anga walijaribu kuipindua serikali. Mahali pa kwanza walipopatafuta ni Sauti ya Kenya. Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji ambaye kila nyumba ilimjua kwa kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana?, alichukuliwa na kulazimishwa kusoma tangazo la kwamba serikali imepinduliwa. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka kwamba baba yake, James Mbotela, ndiye aliyeandika Uhuru wa Watumwa; kwamba mwana wa mwandishi huyo aliamrishwa kwa mtutu wa bunduki kutangaza ukombozi ni kinaya ambacho mtunzi wa riwaya angeogopa kukibuni. Kwa saa chache nchi nzima iliamini redio. Kisha majeshi mengine yakairudisha idhaa mikononi mwa serikali, na nchi nzima ikaiamini tena redio. Hakuna somo lililoingia ndani ya vichwa vya watawala kwa nguvu zaidi kuliko hilo: aliyeshika kipaza sauti ameshika dola, japo kwa nusu siku.

Makundi mawili yalilipa zaidi kuliko mengine. Kundi la kwanza lilikuwa wanachuo. Wengi wa Nairobi walikuwa wamejitokeza barabarani kushangilia, na adhabu ikafuata: vyuo vikafungwa kwa zaidi ya mwaka, wanafunzi wakakamatwa, wengine wakafungwa kwa uchochezi. Mwenyekiti wa chama chao, Tito Adungosi, alihukumiwa miaka kumi na akafia gerezani mwaka 1988. Kundi la pili lilikuwa watu wa ziwani. Hezekiah Ochuka, kiongozi wa jaribio lile, alikuwa Mjaluo. Jaramogi Odinga, aliyekwisha kufukuzwa chamani mwezi Mei, alifungiwa nyumbani kwake Kisumu mwezi Novemba. Na mwanawe Raila akatiwa kizuizini. Kwa hiyo kufikia mwisho wa 1982 palikuwa na vitu vitatu vilivyotazamwa kwa hofu Nairobi: redio, mwanachuo na Mjaluo. Kituo cha Homa Bay kilikuwa kimekwisha kuviunganisha viwili kati ya hivyo. Ni ajabu kwamba kiliendelea kuishi kwa miaka miwili.

Kilifungwa mwaka 1984. Watafiti wa utangazaji wanakufungamanisha kufungwa huko na wasiwasi wa serikali juu ya redio iliyosema lugha ya watu wale, katika miaka ile, na hakuna sababu ya kuwapinga. Hata hivyo inafaa kuongeza kwamba kituo hakikuhitaji kutenda kosa lolote ili kifungwe. Kwa kuwa kilikuwa mali ya idhaa ya taifa, hakikuwa na bodi ya wenyeji iliyoweza kukitetea, wala sheria ya kukilinda, wala fedha zake chenyewe. Kililetwa kwa barua na kiliondolewa kwa namna hiyo hiyo. Wafadhili walihesabu gharama za mtambo kwa uangalifu mkubwa, lakini hawakuhesabu gharama za uhuru wa mtambo. Kosa hilo limerudiwa mara nyingi Afrika.

Miaka iliyofuata ilikuwa kimya hewani, lakini shuleni palikuwa na jambo. Tume iliyoongozwa na Mackay ilipendekeza chuo kikuu cha pili mwaka 1981 pamoja na mabadiliko ya elimu, na kutoka 1985 mfumo wa 8-4-4 ukakifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye mtihani, tangu shule ya msingi hadi sekondari. Kwa mtoto wa pwani badiliko hilo halikuwa kubwa. Kwa mtoto wa Nyanza lilikuwa kubwa sana. Wazazi wake walikuwa wamekijua Kiswahili cha soko na cha reli, nacho walikitamka kwa ulimi wa Kijaluo, lugha isiyo na sauti ya sh wala ya z, hata shamba likawa samba na zamani ikawa samani, na watu wa Nairobi wakapata cha kuchekea. Sasa mtoto yule alikuwa akisoma ngeli, methali na ushairi, na kuandika insha iliyosahihishwa kwa kalamu nyekundu. Kundi la kwanza la 8-4-4 liliingia vyuo vikuu mwaka 1990. Mwaka huo huo, taasisi ya serikali ya mafunzo iliyokuwa Maseno na chuo cha ualimu cha Siriba ziliunganishwa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, ambacho mwaka 2001 kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili. Kwa bahati ya tarehe, basi, chuo kikuu cha mwambao wa ziwa na kizazi cha kwanza cha vijana wa ziwani waliofundishwa Kiswahili sanifu tangu utotoni vilizaliwa pamoja.

Utangazaji nao ukaanza kufunguka. Kituo cha kwanza cha binafsi cha FM, Capital, kilianza Nairobi mwaka 1996. Sheria ya mawasiliano ilipitishwa mwaka 1998, na mwaka 2000 kituo cha Kameme kikaanza kutangaza kwa Kikikuyu. Baada ya hapo lugha za makabila, zilizokuwa zikihofiwa, zikawa biashara nzuri. Ramogi ilikuja kwa Kijaluo, Nam Lolwe ikafuata kutoka Kisumu, na shirika la taifa lenyewe likaanzisha idhaa ya Mayienga. Kisumu pia kulikuwa na Redio Lake Victoria, iliyoanzishwa na OSIENALA, chama cha marafiki wa ziwa chenye makao yake Dunga, ambayo ilishughulika na uvuvi, magugu maji na uchafuzi wa ziwa. Hiyo ndiyo iliyokaribia zaidi kuchukua kazi ya Homa Bay pale ilipokatizwa. Katika hali hiyo ndipo vituo vya vyuo vikuu vilipotokea katika eneo la magharibi: Equator FM ya Chuo Kikuu cha Maseno, na baadaye kile cha Chuo cha Masinde Muliro kule Kakamega. Sheria ya mwaka 2009 iligawa utangazaji katika mafungu matatu, la umma, la biashara na la jamii, na redio za vyuo zikahesabiwa katika fungu la tatu. Kwa mara ya kwanza redio ndogo ilikuwa na mahali katika sheria. Kile ambacho Homa Bay ilikikosa, Maseno ilikipata.

Lakini jamii ya redio ya chuo ni nani? Hapa ndipo suala la lugha linaporudi, na linarudi likiwa gumu zaidi. Jina la Equator limetokana na mstari wa ikweta unaopita Maseno, lakini mstari mwingine unapita hapo, usiochorwa katika dunia: mpaka wa Wajaluo na Wanyore. Upande mmoja wa barabara watu husema lugha ya Kinailoti, upande wa pili lugha ya Kibantu, na hadi leo kaunti za Kisumu na Vihiga zimekuwa zikigombea mji huo mdogo. Ndani ya uzio wa chuo wamo wanafunzi kutoka Turkana, Kwale, Meru na Kisii. Masomo ni kwa Kiingereza. Kwa hiyo kituo cha chuo hakiwezi kufanya kama Homa Bay kwa kuchagua lugha ya jirani, kwa sababu majirani ni wawili na wenye nyumba ni arobaini. Huelekea Kiswahili na Kiingereza kama maji yanavyoelekea bondeni, na huelekea pia Sheng, ambayo hakuna kamati iliyoiidhinisha.

Wapo wanaoliona hilo kuwa hasara tupu. Husema kwamba redio ya mwanachuo imekuwa kisiwa, kwamba muuza samaki wa Luanda anayeisikia akipita hasemwi wala hasemeshwi, na kwamba kituo kimekuwa chumba cha mazoezi kwa vijana wanaotazamia kazi Nairobi. Kuna ukweli ndani yake. Redio ya chuo huwafunza watangazaji, na mtangazaji aliyefunzwa vema huondoka. Kila baada ya miaka minne sauti zote hubadilika. Tangu kituo cha Chuo Kikuu cha La Plata, Argentina, kilipoanza mwaka 1924, redio za vyuo duniani zimevutwa na mivutano hiyo hiyo miwili, kuwa darasa au kuwa baraza. Zilizochagua kuwa baraza mara nyingi zililipa. Bush Radio ya Cape Town, ambayo jina lake linatokana na lakabu ya Chuo Kikuu cha Western Cape, ilianza kwa kanda za kaseti zilizosambazwa wakati wa ubaguzi, ikarusha matangazo bila ruhusa mwaka 1993 na vifaa vyake vikachukuliwa, ndipo ikapewa leseni mwaka 1995.

Lakini kuna upande wa pili ambao watetezi wa lugha za kwanza huwa hawautazami. Kiswahili cha redio ya Maseno si Kiswahili cha kuagizwa kutoka Nairobi. Ni Kiswahili ambacho Mjaluo, Mluhya, Mkisii na Mkalenjin wanakitumia wao kwa wao, bila mtu wa pwani wala mkaguzi kuwapo chumbani, katika mizaha, salamu, mabishano ya mpira na matangazo ya mtu aliyepoteza kitambulisho. Kwa miaka mingi lugha hiyo Nyanza ilikuwa ya amri au ya bei: askari aliitumia, mchuuzi aliitumia. Kuitumia kwa mazungumzo ya starehe, tena hewani, ni jambo jipya kihistoria, na mtafiti wa lugha angefanya vema kuyarekodi mazungumzo hayo kabla watangazaji wake hawajahitimu na kutawanyika.

Hofu ya 1984 ilipata kisingizio chake miaka mingi baadaye. Matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalipotangazwa, Kisumu ulikuwa miongoni mwa miji iliyoungua zaidi, na watu wengi walipigwa risasi. Tarehe 30 Desemba serikali iliamuru matangazo ya moja kwa moja yasimamishwe. Baadaye tume iliyoongozwa na Jaji Waki ilizitaja redio za lugha za makabila miongoni mwa vyombo vilivyochochea chuki, na mtangazaji mmoja wa Kass FM akashtakiwa The Hague, kesi ambayo ilikomeshwa mwaka 2016. Wengi walisema basi kwamba wazee wa 1984 walikuwa wameona mbali. Hitimisho hilo halikubaliki. Redio zilizolaumiwa zilikuwa za biashara, zenye mitambo mikubwa, ambazo mtangazaji wake alizungumza na kabila zima asilolifahamu na ambalo halikuweza kumwuliza swali siku ya pili sokoni. Redio ndogo za mahali pamoja zilionyesha kinyume chake: Pamoja FM ya Kibera, iliyotangaza kwa Kiswahili katikati ya mitaa iliyogawanyika, ilisifiwa kwa kuwatuliza vijana. Kinachomzuia mtangazaji si aina ya lugha. Ni ukaribu wa msikilizaji wake. Hilo ndilo hasa Homa Bay ilikuwa imeanza kulijaribu, na hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kuliona jaribio hilo mpaka mwisho.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Papo hapo iliiagiza dola kukuza na kulinda lugha nyingine za watu wa Kenya. Vituo vya vyuo vimekuwa vikilitekeleza agizo la kwanza bila kujua. La pili limetekelezwa kwanza na watu wasio na chuo. Katika kisiwa cha Mfangano, upande ule ule ambao mtambo wa UNESCO uliwahi kuurushia Kijaluo, vijana walianzisha kituo walichokiita Ekialo Kiona, maana yake dunia nzima, kwa lengo la kutangaza kwa Kisuba, lugha ambayo UNESCO yenyewe imeiorodhesha miongoni mwa zilizo hatarini. Wengi wa vijana hao walikua wakisema Kijaluo. Ili wapate maneno ya kutangazia iliwabidi waende kwa wazee, wawaulize majina ya pepo, ya samaki na ya sehemu za mashua, kisha wayarudishe studioni.